Vipele vinavyokuja na kupotea: ulinganisho wa visababishi sita

Mtu anayesumbuliwa na vipele vinavyokuja na kupotea hupata taabu mara mbili: kwanza anawashwa, kisha akifika mbele ya daktari hana cha kumwonyesha. Usiku hakulala, asubuhi amekaa foleni, na zamu yake inapofika ngozi imetulia kabisa. Ndiyo maana wengi wetu hapa Dar es Salaam huishia kwenye dirisha la duka la dawa, tukaomba "dawa ya aleji", tukapewa tyubu ya krimu, na baada ya wiki mbili tukarudi tulikotoka. Anayebaki nyumbani anajiuliza kama ni chakula, ni joto, ni sabuni, au ni ugonjwa wa damu kama alivyoambiwa na jirani.

Kwa vipele vya namna hii, tabia yake kwa saa na kwa siku hueleza mengi kuliko sura yake. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu haumtaki msomaji alinganishe ngozi yake na picha, bali ajibu maswali machache, kisha aone majibu yake yanaelekea upande gani. Haumpi mtu ruhusa ya kujitibu kwa kubahatisha. Unamsaidia kujua aanzie wapi na aseme nini akifika kwa daktari.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, ambacho nakiona kuwa kikubwa kuliko vyote, ni muda wa kipele kimoja. Mgonjwa akiulizwa tatizo lina muda gani hujibu "miezi mitatu", lakini swali lenyewe ni hili: baka hili moja, lililo hapa kwenye paja, linakaa saa ngapi? Njia ya kulijua ni nyepesi. Chukua kalamu ya wino, lizungushie baka moja mstari, andika saa pembeni yake, kisha litazame baada ya saa 24. Kama ndani ya mstari hakuna kitu huku mabaka mengine yamezuka kwingine, umeshapata jibu ambalo hakuna kipimo cha damu kingekupa kwa urahisi huo.

Kigezo cha pili ni mahali: je, vipele huhamahama, hurudi palepale, au hupenda sehemu fulani za mwili? Cha tatu ni alama inayobaki vikishapotea. Cha nne ni kilichotangulia, na hapa inafaa kutenganisha yaliyotokea dakika chache kabla, saa chache kabla, na siku mbili au tatu kabla. Cha tano ni iwapo kuna mwingine nyumbani anayewashwa.

Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, kwa hiyo husema "wekundu" kila mahali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni uvimbe, kuparara, au rangi ya kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea kuliko ngozi inayozunguka. Kidole hugundua kabla ya jicho. Ukipiga picha kwa simu, simama karibu na dirisha ili mwanga uje kwa ubavu na uzime taa ya kamera, kwa kuwa ile taa hufuta kivuli cha uvimbe na kuifanya ngozi ionekane tambarare.

Mabaka ya mzio (urtikaria)

Haya ni mabaka yaliyoinuka na kuwasha sana, yenye ukubwa wa kuanzia punje ya dengu hadi kiganja kizima, yanayotokea pale chembe za kinga zilizomo ndani ya ngozi zinapomwaga kemikali iitwayo histamini, na mishipa midogo ya damu ikavujisha maji. Kwa kigezo cha muda hayana mfano: baka moja hutoweka ndani ya saa 24, mara nyingi ndani ya saa chache tu, hata kama mengine yanaendelea kuzuka na mtu akaona ugonjwa haukatiki. Huhamahama, asubuhi mapajani na jioni mgongoni, wala hayaachi alama yoyote isipokuwa mikwaruzo ya kucha. Nyumbani huwa anawashwa mtu mmoja. Wakati mwingine midomo au kope huvimba pia.

Kilichotangulia ndicho kinachowachanganya watu zaidi. Yanapoanza ghafla, mara nyingi hufuata mafua au maambukizi mengine, hasa kwa watoto. Dawa nazo zinaweza kuyaleta, zikiwemo za jamii ya penisilini, aspirini na dawa za maumivu kama ibuprofeni. Chakula kikiwa ndicho kisababishi, mabaka huzuka ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, na hurudi kila mtu anapokila chakula kilekile. Kwa wakazi wa mji wa pwani kuna jambo jingine la kufahamu: jodari na vibua vilivyokaa juani bila barafu hutengeneza histamini nyingi ndani ya nyama yenyewe, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayewala anaweza kuwaka uso, kuumwa kichwa na kutoka mabaka ndani ya saa moja. Kama wawili watatu waliokula sahani moja wamepatwa pamoja, tatizo huenda ni samaki yule, wala si mzio wa kudumu wa samaki wote.

Yapo pia mabaka yanayoletwa na vitu visivyoliwa. Kwa wengine ngozi ikipigwa mstari kwa kifuniko cha kalamu, mstari huo huvimba ndani ya dakika chache na kulala baada ya nusu saa hivi; hao huwashwa pale mkanda wa suruali au sidiria inapobana. Kwa wengine ni jasho: vijidutu vidogo sana huibuka wanapokimbia, wanapooga maji ya moto au wanapokasirika, kisha hupotea mwili ukipoa.

Mabaka yakijirudia karibu kila siku kwa zaidi ya wiki sita, huhesabiwa kuwa sugu, na hapo chakula ni nadra kuwa chanzo. Kwa wengi hakuna kisababishi cha nje kinachopatikana. Ni mfumo wa kinga unaojichochea wenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wazima wakiambiwa waache mayai, samaki, nyama ya ng'ombe, karanga na nyanya kwa mpigo, na watoto wakinyimwa maziwa kwa miezi, bila mabaka kupungua hata moja. Kumwondolea mtoto chakula cha kumjenga bila ushahidi ni madhara, hata kama anayeshauri anamtakia mema.

Dawa zinazosaidia ni vidonge vya kuzuia histamini visivyoleta usingizi mwingi, kama setrizini au loratadini, ambavyo kwa mtu mzima dozi ya kawaida ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Daktari anaweza kuiongeza ikiwa haitoshi. Piritoni nayo hupunguza muwasho, lakini huleta usingizi, kwa hiyo dereva wa bodaboda au daladala asiinywe kisha akaingia barabarani. Krimu za kupaka hazina msaada mkubwa hapa, kwa kuwa baka litakuwa limeshahama kabla dawa haijafanya kazi.

Harara ya joto

Harara haihitaji maelezo mengi kwa mtu aliyepitisha kaskazi mjini humu, kuanzia Desemba hadi Machi, hasa umeme unapokatika na feni ikasimama. Njia za jasho huziba, jasho likakwama chini ya ngozi, na vipele vidogo vinavyochoma vikatokea shingoni, kifuani, mgongoni na kwenye mikunjo. Kipele kimoja hukaa siku kadhaa, wala hakihami kama baka la mzio. Hurudi sehemu zilezile zinazotoka jasho na kufunikwa, na kikipona hakiachi alama ya maana kisipokwaruzwa. Watoto wachanga wanaofunikwa mablanketi kwa hofu ya baridi ambayo haipo huongoza kwa kuipata.

Kinachotofautisha harara na mabaka ya jasho yaliyotajwa juu ni muda: yale huondoka mwili ukipoa, harara hubaki siku mbili tatu hata baada ya kuoga. Dawa yake ni kupoza mwili, nguo nyepesi za pamba na hewa. Mafuta mazito yapumzishwe mpaka ipone, kwa sababu huzidi kuziba njia za jasho.

Pumu ya ngozi (ukurutu)

Hapa kinachokuja na kwenda si kipele kimoja kimoja bali vipindi vizima. Ngozi hupamba moto kwa siku au wiki kadhaa, hutulia, kisha hupamba tena. Kwa watu wazima na watoto wakubwa hupenda kunjo la ndani la kiwiko, nyuma ya goti, shingo na vifundo vya mikono. Kwa watoto wachanga huanzia mashavuni. Huacha alama wazi: ngozi iliyokauka na kukakamaa, pamoja na madoa meusi au meupe yanayokaa miezi. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama vipele vidogo vinavyozunguka vinyweleo, jambo linalowafanya watu waifananishe na harara.

Kilichotangulia mara nyingi ni ukavu wa ngozi, sabuni kali, jasho, nguo za sufu, au maambukizi. Swali la nani mwingine nyumbani lina maana ya pekee hapa, kwa sababu si suala la kuambukizana bali la kurithi: ulizia kama baba, mama au ndugu ana pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kwa wengi huanza utotoni kabla ya umri wa miaka mitano, na wengi hupata nafuu wanapokua.

Msingi wa matibabu ni kulainisha ngozi kila siku, hata siku isiyowasha. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, hufanya kazi kubwa kwa bei ndogo. Krimu za steroidi hutuliza kipindi kinapopamba, lakini aina, sehemu ya kupaka na siku za kuitumia vipangwe na mtaalamu, kwa sababu ile inayofaa kiganjani inaweza kuharibu uso.

Mzio wa kugusa

Mzio huu hufichwa na kuchelewa kwake. Kitu kimeguswa Ijumaa, vipele vinatokea Jumapili, na mtu anakilaumu chakula cha Jumapili. Kwa kawaida muwasho huanza siku moja hadi tatu baada ya kugusa, hukaa siku nyingi hata wiki mbili au tatu, na ukitulia hurudi palepale kitu kile kikiguswa tena. Umbo lake ndilo linalousema: duara chini ya kitovu palipo na kifungo cha suruali ya jinzi, alama ya mkanda wa saa, ndewe za masikio. Nikeli iliyomo kwenye vitu hivyo huyeyushwa na jasho, kwa hiyo mtu anaweza kuvaa hereni zilezile bila taabu wakati wa kusi kisha zikamwasha joto linapoanza.

Kwa akina mama na mabibi harusi, kisababishi cha kuangaliwa kwanza ni piko. Weusi wake hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, tofauti na hina ya majani inayotoa rangi ya wekundu. Mzio wake unaweza kuchora upya ua zima mkononi kwa uvimbe na malengelenge, na mtu aliyewahi kupatwa hivyo anaweza kudhurika vibaya zaidi siku atakapopaka rangi nyeusi nywele zake. Kwa mafundi ujenzi, saruji hushika mikono na vifundo vya miguu, na vipele hupungua kazi inaposimama.

Hakuna dawa inayoshinda kukiacha kitu chenyewe. Kisipojulikana, kliniki za ngozi zinaweza kufanya kipimo cha kubandika viraka vyenye vitu vinavyoshukiwa mgongoni ili kukitafuta.

Doa la dawa linalorudi palepale

Hiki ndicho kisababishi ambacho, kwa maoni yangu, watu wa mji huu hukikosa zaidi, ilhali dalili yake ni ya wazi. Doa moja au machache ya mviringo, yenye rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, huwasha au kuchoma, wakati mwingine huvimba na kutoa lengelenge, kisha hupoa na kuacha weusi unaokaa miezi. Mtu akimeza tena dawa ileile, ndani ya nusu saa hadi saa nane doa lilelile huamka mahali palepale, pengine likiwa na jipya pembeni. Hupenda midomo, mikono na sehemu za siri.

Dawa zinazojulikana kwa hili ni za salfa, yaani Septrini na SP, pamoja na tetrasaiklini, metronidazoli na dawa za maumivu. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kuanzia 2001 hadi ilipopishwa na dawa mseto mwishoni mwa 2006, na bado hutolewa kliniki kwa wajawazito kama kinga. Kwa hiyo mama anayejua kwamba salfa humdhuru alitamke hilo mapema, kabla hajapewa kikombe cha maji ameze mbele ya muuguzi. Septrini nayo watu huinunua kiholela kwa kikohozi au tumbo la kuhara, na kwa kuwa wanainywa mara chache kwa mwaka, hawaunganishi kidonge na doa.

Doa likitokea sehemu za siri huzaa msiba mwingine, kwani mume au mke hufikiri ni ugonjwa wa zinaa na nyumba ikaingia maneno. Kabla ya kushutumiana, waulizane: siku ile ulikuwa umekunywa dawa gani? Jibu hilo haliondoi haja ya kupima, lakini huenda likaokoa ndoa. Ikithibitika, jina la dawa liandikwe kwenye daftari la matibabu, lisemwe kila unapotibiwa, na kituo kitoe taarifa kwa TMDA, mamlaka inayopokea taarifa za madhara ya dawa. Anayetumia Septrini kwa maelekezo ya kliniki ya tiba na matunzo ya VVU asiiache kimyakimya, bali arudi kliniki abadilishiwe.

Upele wa kuambukiza

Upele huletwa na kidudu kidogo sana kinachochimba ngozi ya juu na kutaga mayai humo, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Kiukweli hauji na kwenda. Unaonekana hivyo kwa sababu umetibiwa nusu. Muwasho huzidi usiku, vipele hukaa katikati ya vidole, vifundoni, kiunoni, makwapani, kuzunguka chuchu na sehemu za siri, na kila kimoja hudumu siku nyingi. Kigezo cha tano ndicho kinachoamua: ukiona mama, mtoto na dada wa kazi wote wanajikuna usiku, acha kuwaza chakula. Kwa anayeupata mara ya kwanza, muwasho huweza kuchelewa wiki nne hadi sita, kwa hiyo asiyejikuna leo naye anaweza kuwa nao.

Dawa ya BBE au krimu ya perimetrini hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, na watoto wadogo hupakwa hadi kichwani kwa maelekezo ya mtaalamu. Wote wanaolala nyumba moja watibiwe siku moja, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vidudu kufa, jambo linalowafanya wengi wadhani dawa haikufanya kazi.

Tahadhari kuhusu krimu za mchanganyiko

Fangasi hawakuwekwa kwenye orodha ya sita kwa sababu kwa kawaida hawapotei wenyewe. Hata hivyo, wakipakwa krimu yenye steroidi kali, muwasho hutulia na pete ya pembeni hufifia, kisha wiki moja baada ya kuacha hurudi wakiwa wametanda zaidi na umbo lao halitambuliki tena. Krimu ya steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi zikiwa tyubu moja hununuliwa sana mitaani. Mkorogo unaopakwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi nao huweza kuwa na steroidi, na humvuruga hata daktari mzoefu. Aliyeutumia aseme bila aibu, maana bila hilo ngozi yake haisomeki.

Kulingana na hali yako

Ikiwa mabaka yameambatana na kubanwa kifua, kuvimba ulimi au koo, sauti kukauka, kutapika au kizunguzungu, usisubiri kidonge kifanye kazi: kimbilia kituo cha afya kilicho karibu kuliko vyote, kwani kinachohitajika ni sindano ya adrenalini. Vivyo hivyo kama baada ya dawa yoyote umepata homa, malengelenge, ngozi inayochubuka au vidonda mdomoni na machoni. Acha dawa hiyo na uende hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na pakiti yake.

Ikiwa baka lililozungushiwa wino limetoweka ndani ya siku moja na huna dalili za hatari, kidonge cha kuzuia histamini kwa siku chache ni mwanzo unaofaa. Yakipita wiki sita, au kama baka linauma badala ya kuwasha, linazidi saa 24 na linaacha weusi kama wa jeraha la ndani, muone daktari, kwa kuwa hilo la mwisho linaweza kuwa ni uvimbe wa mishipa ya damu.

Ikiwa vipele hurudi palepale, andika dawa zote ulizomeza na vitu vyote vilivyogusa sehemu hiyo ndani ya siku tatu kabla, mitishamba na vipodozi vikiwemo. Ikiwa mnajikuna wengi, tafuteni tiba ya upele kwa nyumba nzima kabla ya kununua krimu ya mtu mmoja. Ikiwa ni mtoto mwenye ngozi kavu na familia ina historia ya pumu, anza na mafuta ya mgando na sabuni isiyo kali, kisha mpeleke zahanati kipindi kinapopamba badala ya kusubiri kitulie. Mwenye vipele vinavyowasha visivyoisha, hasa mikononi na miguuni, ambaye hajapima VVU hivi karibuni, apime. Ngozi mara nyingine hutangulia kutoa taarifa.

Na kama majibu yako hayaelekei upande wowote, au yanaelekea pande mbili, kusanya picha zenye tarehe na saa, pakiti za dawa na maelezo yako mafupi, uyapeleke kituo unachotibiwa na uombe rufaa ya kliniki ya ngozi, iwe hospitali ya rufaa ya mkoa au Muhimbili. Kabla ya siku hiyo usipake krimu yoyote ya steroidi ambayo hukuandikiwa, na kama unameza dawa ya kuzuia histamini, mweleze daktari ni lini uliimeza kwa mara ya mwisho.